KANO ILISEMA HAPANA, HESABU IKASEMA NDIYO

Yapo majimbo ambayo huiamulia nchi nzima Rais wake kwa kumpa mgombea kura nyingi. Jimbo la Kano, lililo kaskazini mwa Nigeria, liliiamulia nchi hiyo Rais wake mwaka 1979 kwa njia iliyo kinyume kabisa. Wananchi wa jimbo hilo walimnyima mgombea huyo kura zao, wakampa mwingine zaidi ya robo tatu ya kura zote. Na bado kura chache alizopata huko ndizo zilizohesabiwa kuwa zimemfikisha Ikulu. Wagombea wote watano wa uchaguzi ule wamekwisha kufariki dunia. Lakini somo lao halijafariki, nalo latuhusu sote tulio katika nchi za Afrika ambazo makabila, dini na majimbo mengi yamekusanywa chini ya bendera moja.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza tukumbuke nchi ya Nigeria ilikuwa imetoka wapi. Ilipopata uhuru tarehe 1 Oktoba, 1960, vyama vyake vikubwa vilikuwa vimeota mizizi kila kimoja katika eneo lake: kimoja Kaskazini, kimoja Magharibi, kimoja Mashariki. Kila uchaguzi uligeuka kuwa mashindano ya maeneo badala ya mashindano ya fikra. Mwezi Januari 1966 wanajeshi wakaiangusha Serikali ya kiraia. Na kuanzia mwaka 1967 hadi 1970 nchi ikaingia katika vita vya Biafra, vita vya ndugu kwa ndugu, vilivyoteketeza roho za watu wengi mno kwa risasi na kwa njaa.

Basi viongozi wa kijeshi walipojiandaa kuwarudishia raia madaraka, walidhamiria kwamba Rais wa Nigeria asiwe tena Rais wa upande mmoja. Mwaka 1976 majimbo yaliongezwa kutoka 12 hadi 19. Kisha sheria ya uchaguzi ikaweka masharti mawili kwa mgombea wa Urais pale wagombea walipozidi wawili. Sharti la kwanza: apate kura nyingi kuliko wenzake. Sharti la pili: apate si chini ya robo moja ya kura zilizopigwa katika kila jimbo, katika theluthi mbili, kwa uchache, za majimbo yote ya Shirikisho.

Sharti hilo la pili lilikuwa la hekima. Lilimwambia kila mwenye tamaa ya Urais kwamba haitoshi kushangiliwa nyumbani kwao. Sharti akabishe hodi kwa jirani, aombe, asikilizwe, na akubaliwe japo na mtu mmoja katika kila wanne. Waswahili tuna kipimo chetu cha nafaka: vibaba vinne hufanya pishi moja. Sheria ya Nigeria haikumdai mgombea pishi nzima katika kila jimbo. Ilimdai kibaba kimoja tu, lakini akidai katika majimbo mengi.

Wananchi walipiga kura tarehe 11 Agosti, 1979. Alhaji Shehu Shagari wa chama cha NPN alipata kura 5,688,857. Chifu Obafemi Awolowo wa UPN alipata 4,916,651. Dakta Nnamdi Azikiwe wa NPP alipata 2,822,523. Maalim Aminu Kano wa PRP alipata 1,732,113, na Alhaji Waziri Ibrahim wa GNPP akapata 1,686,489. Kwa sharti la kwanza hapakuwa na ubishi: Alhaji Shagari aliwatangulia wenzake wote, na alimzidi aliyemfuatia kwa kura zaidi ya laki saba.

Ubishi ulikuwa katika sharti la pili. Alhaji Shagari alikuwa amepata robo au zaidi katika majimbo 12: Bauchi, Bendel, Benue, Borno, Cross River, Gongola, Kaduna, Kwara, Niger, Plateau, Rivers na Sokoto. Sasa, theluthi mbili za majimbo 19 ni majimbo mangapi? Mwanafunzi wa shule ya msingi atajibu: ni 12 na theluthi mbili. Lakini jimbo ni jimbo, halina theluthi. Kwa hiyo kila mtu aliyeisoma sheria hiyo kwa macho ya kawaida alijua kuwa majimbo yatakiwayo ni 13. Na jimbo la kumi na tatu ambalo Alhaji Shagari alilikaribia lilikuwa Kano.

Hebu tutazame basi matokeo ya Kano yenyewe. Kura zilizopigwa huko zilikuwa 1,220,763. Kati ya hizo Maalim Aminu Kano alipata 932,803, yaani zaidi ya asilimia 76. Alhaji Shagari alipata 243,423, ambazo hazifikii asilimia 20. Alhaji Waziri alipata 18,482, Chifu Awolowo 14,973, na Dakta Azikiwe 11,082. Robo ya kura zote za Kano ni kura 305,191. Alhaji Shagari alikuwa amepungukiwa na kura zaidi ya elfu sitini na moja.

Kabla ya kuendelea na hesabu hizo, twapenda kusimama kidogo mbele ya hao watu 932,803. Tangu mwaka 1979 wanasheria na wanasiasa wamebishana sana juu ya theluthi na robo, lakini wachache wamejiuliza wananchi wa Kano walikuwa wanasema nini walipotumbukiza karatasi zao katika masanduku.

Wapo watakaojibu kwa wepesi kwamba mcheza kwao hutunzwa. Aminu alikuwa mwana wa Kano, naye Kano ikamtunza. Jibu hilo lina kweli yake, lakini ni kweli nusu. Alhaji Shagari hakuwa mgeni wa mbali. Alikuwa mtu wa Kaskazini, wa Sokoto. Alikuwa Mwislamu kama walivyo Waislamu watu wengi wa Kano. Na aliwahi kuwa mwalimu kama Aminu alivyokuwa mwalimu. Ingekuwa kura ya Kano ni ya eneo au ya dini tu, Alhaji Shagari asingeangushwa huko kwa kiasi kile.

Kilichowatenganisha kilikuwa kingine. Mwaka 1950, katika mji huo huo wa Kano, kiliundwa chama cha NEPU, ambacho Aminu Kano ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wake. Chama hicho kilisimama upande wa talakawa, neno la Kihausa lenye maana ya watu wa kawaida wasio na cheo wala ukoo mkubwa: wakulima wa karanga, wachuuzi wa sokoni, mafundi wa rangi na ngozi, wale ambao sisi twawaita makabwela. Kilipinga kodi za uonevu na madaraka yasiyo na mipaka ya watawala wa jadi. Aminu alitetea elimu ya wasichana na haki ya wanawake kupiga kura, katika nchi ambayo wanawake wa Kaskazini walinyimwa kura katika miaka yote ya 1950 na 1960. Chama cha PRP cha mwaka 1979 kilikuwa mrithi wa mapambano hayo. Kwa upande mwingine, chama cha NPN katika Kaskazini kilionekana na watu wengi kuwa chama cha wenye nacho na wenye vyeo.

Kwa hiyo kura ya Kano haikuwa kelele za kabila. Ilikuwa neno lililopangwa, lililokomaa kwa miaka karibu thelathini, la watu wanyonge waliowaambia wakubwa wao: safari hii hapana. Huko ndiko kunakofanya yaliyofuata yawe mazito.

Tarehe 16 Agosti, 1979, Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, iliyojulikana kwa kifupi FEDECO, ilitangaza kuwa Alhaji Shagari amechaguliwa. Je, ilipitia wapi? Ilipitia katika hoja ambayo mtetezi wake mashuhuri alikuwa mwanasheria wa NPN, Bwana Richard Akinjide, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria katika Serikali ya Alhaji Shagari. Ilisemwa hivi: theluthi mbili za 19 ni 12 na theluthi mbili, wala si 13. Mgombea amekwisha kupata majimbo 12 mazima. Amebakiwa na deni la theluthi mbili za jimbo moja. Basi na tuchukue theluthi mbili za kura za Kano, kisha tutafute robo yake. Robo hiyo ni kura 203,461. Alhaji Shagari ana kura 243,423. Amevuka.

Yatupasa tuwe waadilifu kwa hoja hiyo, maana haikuwa hoja ya kipumbavu. Watetezi wake walisema kwamba sheria haikuandika neno kumi na tatu popote. Kwamba kupandisha sehemu hadi namba nzima ni kumdai mgombea zaidi ya sheria ilivyomdai. Na kwamba Alhaji Shagari, kuliko mgombea mwingine yeyote, ndiye aliyekuwa ameenea nchini. Hilo la mwisho ni kweli tupu. Chifu Awolowo, aliyemfuatia kwa wingi wa kura, alipata robo katika majimbo 6 tu. Kama roho ya sheria ilikuwa kumpata kiongozi aliyekubalika pande nyingi, basi Alhaji Shagari aliikaribia roho hiyo kuliko wenzake wote.

Hata hivyo, hoja hiyo ina kasoro mbili ambazo hazifunikiki.

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu yenyewe. Tukikubali kulikata jimbo la Kano na kuchukua theluthi mbili zake, haki yataka tukate pande zote za mizani. Kura za Kano zikikatwa zibaki theluthi mbili, kura za Alhaji Shagari za huko nazo zikatwe zibaki theluthi mbili. Theluthi mbili za 243,423 ni kura 162,282, nazo hazifikii zile 203,461 zilizotakiwa. Lakini kilichofanyika ni kwamba jimbo lilikatwa na mgombea hakukatwa. Alipimwa kwa kura zake zote zilizotoka Kano nzima, dhidi ya kipande cha Kano. Mchuuzi wa nafaka akipunguza kibaba cha upande mmoja tu, sokoni ana jina lake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya wakati. Kama theluthi mbili za 19 zilikuwa 12 na kipande, hilo lilijulikana tangu siku majimbo 19 yalipoundwa mwaka 1976. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kuwaeleza wagombea na wananchi, kabla hata sanduku moja halijafunguliwa, namna kipande hicho kitakavyohesabiwa. Tafsiri iliyomaliza shauri ilipata nguvu baada ya matokeo kuwa mezani, wakati kila mtu alikwisha kujua itamfaa nani na itamwumiza nani. Kipimo kikitangazwa baada ya mtama kumiminwa, hata kikiwa sawasawa, mnunuzi ataondoka na shaka moyoni.

Chifu Awolowo alikwenda mahakamani. Baraza la kusikiliza mashauri ya uchaguzi lilimkatalia, naye akakata rufani katika Mahakama ya Juu. Tarehe 26 Septemba, 1979, siku chache kabla ya Jenerali Olusegun Obasanjo kukabidhi madaraka, Mahakama hiyo chini ya Jaji Mkuu Atanda Fatayi-Williams iliitupa rufani yake. Majaji walikuwa saba. Jaji Andrews Obaseki aliona kwamba theluthi mbili za majimbo 19 ni majimbo 13, ila akakubaliana na wenzake kuwa dosari hiyo haikutosha kuubatilisha uchaguzi. Jaji Kayode Eso peke yake ndiye aliyepinga uamuzi ule. Kwa maoni yake sheria ilizungumza juu ya kila jimbo, na jimbo ni kitu kizima chenye watu wake na mipaka yake.

Tarehe 1 Oktoba, 1979, Alhaji Shagari aliapishwa, na uamuzi wa Mahakama ulitiiwa. Hilo nalo lastahili sifa, kwa sababu walioshindwa walipeleka malalamiko yao mbele ya majaji, hawakuyapeleka porini. Lakini twauliza: kulikuwa na ulazima gani wa kulikata jimbo? Sheria yenyewe ilikuwa imekwisha kuandaa njia pale ambapo hakuna mgombea aliyetimiza masharti yote. Uamuzi ungepelekwa kwa wajumbe wa Bunge la Taifa na mabaraza ya majimbo, ambao nao walikuwa wamechaguliwa na wananchi mwaka huo huo. Yawezekana kabisa kwamba Alhaji Shagari angeshinda huko pia. Angeshinda kwa kuungwa mkono na wajumbe waziwazi, wala si kwa kipande cha jimbo lililomkataa. Alihukumiwa kuanza kazi na neno la "kumi na mbili na theluthi mbili" likimfuata kila alikokwenda, na hasara hiyo ilimpata yeye kama ilivyowapata wapinzani wake. Hatusemi kwamba hesabu ile ndiyo iliyowaleta wanajeshi tena tarehe 31 Desemba, 1983. Sababu za mapinduzi yale ni nyingi. Twasema tu kwamba Serikali inayoanza na ufa katika msingi hulazimika kutumia muda mwingi kuuficha ufa huo.

Wala Nigeria haikuusahau mkasa ule. Mwaka 1987 majimbo yake yalifanywa 21, mwaka 1991 yakawa 30, na mwaka 1996 yakawa 36. Msomaji na azigawe namba hizo kwa tatu: zote zagawanyika bila kubakisha kitu. Theluthi mbili za 36 ni 24 kamili. Ila maneno ya sheria yana ujanja wa kuzaa ubishi mpya mahali ambapo ubishi wa zamani umezikwa. Katiba ya mwaka 1999 yadai robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo yote "na" Wilaya ya Makao Makuu, Abuja. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2023, ambao Bwana Bola Tinubu alitangazwa mshindi bila kufikisha robo ya kura za Abuja, wapinzani wake walishikilia kwamba neno hilo "na" laifanya Abuja kuwa sharti la peke yake. Tarehe 26 Oktoba, 2023, Mahakama ya Juu ilikataa, ikisema kuwa Abuja huhesabiwa kama jimbo mojawapo tu. Hata kama tafsiri hiyo ni sahihi, swali letu la mwaka 1979 limebaki pale pale: kwa nini neno dogo kama hilo lingoje kufafanuliwa baada ya kura kuhesabiwa?

Jirani zetu wa Kenya waliliandika sharti la namna hii kwa uangalifu zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010 yamtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zilizo zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47, na nusu yake ni 23 na nusu. Lakini kwa kuwa imeandikwa "zaidi ya nusu", hakuna awezaye kuikata kaunti vipande. Jibu ni 24, nalo lajulikana na kila mtu kabla ya siku ya kura. Maneno machache yaliyopangwa vyema yameiepusha nchi na shauri zima.

Na Kano je? Jimbo la Kano la leo ni dogo kuliko lile la mwaka 1979, kwani mwaka 1991 lilimegwa likaundwa jimbo la Jigawa. Lakini desturi ya wapiga kura wake ya kuamua mambo wenyewe haikumegwa. Katika uchaguzi wa tarehe 12 Juni, 1993, mgombea mmoja, Alhaji Bashir Tofa, alikuwa mwana wa Kano hasa. Kano ikampa kura nyingi zaidi mpinzani wake, Chifu Moshood Abiola, Myoruba wa kusini-magharibi. Ndio uchaguzi ule ambao wanajeshi waliufuta. Mwaka 2015 ilimpa Jenerali Muhammadu Buhari kura 1,903,999, na Rais aliyekuwa madarakani, Dakta Goodluck Jonathan, ikampa 215,779. Mwaka 2023 ikamrudia mwana wake, Dakta Rabiu Kwankwaso, kwa kura 997,279, hali Bwana Tinubu aliyeshinda nchini alipata huko 517,341. Watu wanaopiga kura namna hiyo, leo kwa mwenyeji na kesho kwa mgeni, hawawezi kuitwa kundi la kondoo wanaofuata kengele ya kabila.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yatakikana katika nchi yoyote iliyoweka sharti la kuenea. La kwanza, kila namba iliyo katika sheria ya uchaguzi itangazwe kwa tarakimu kabla ya kampeni kuanza, ili mwananchi wa kijijini aijue kama ajuavyo bei ya chumvi. La pili, duru ya pili isionekane kuwa aibu wala balaa. Kurudia kwa wananchi au kwa wawakilishi wao ni nafuu kuliko kumtafutia mtu ushindi kwa kalamu. La tatu, kura ya jimbo iheshimiwe kama kitu kizima, hata kama jimbo hilo limempigia mtu aliyeshindwa.

Hili la tatu ndilo lililosahauliwa zaidi katika mkasa wa Kano. Zaidi ya nusu ya kura zote za Maalim Aminu Kano zilitoka katika jimbo hilo moja. Hazikuweza kumfanya Rais, na waliompigia walilijua hilo. Walichokuwa na haki ya kukitarajia ni kidogo: kwamba kukataa kwao kutahesabiwa kuwa kukataa. Badala yake jimbo lao lilikatwa theluthi, na jina la Kano likaingia katika historia kama jimbo lililomkamilishia ushindi mtu waliyemkataa. Mkulima na mchuuzi wa Kano hawakuwa wameombwa idhini ya tafsiri hiyo. Walikuwa wameombwa kura tu, nao walikwisha kuitoa.